Kwa Zamu, Mbwa Mstaafu

Kuku nawafukuza kwa Kiteso.
Wewe, Zamu, mtoto wa kambi ya polisi,
ulifika hapa Soroti na lugha moja tu masikioni,
kwa hiyo nakugombeza kwa Kiswahili
nilichookota kwenye nyumba za mabati za kambini,
Kiswahili cha gwaride, chenye buti:
Kaa! Lala! Acha!

Unakaa. Unalala. Unaacha.
Halafu nageuka kupepeta wimbi
na nyuma yangu udongo unaruka tena.

Nimehesabu mashimo kumi na moja tangu Krismasi.
Moja lilimeza mguu wa Mama Ikiring
na beseni la karanga alilokuja kurudisha.
Karanga zimepona, alisema, mguu Mungu ndiye anajua.
Moja liko chini ya dirisha, kina chake kama sufuria ya harusi.
Moja limefukua mihogo isiyotimiza hata miezi minne,
myembamba kama vidole vya mtu aliyelazwa.

Nilijaza mawe. Ukasogea hatua moja.
Nilinyunyiza pilipili kichaa. Ukapiga chafya tatu,
ukajifuta pua kwa mguu, ukaendelea.
Emuron, kijana wa jirani, akasema nifukie humo
mavi yako mwenyewe. Nikafukia,
koleo mkononi, leso puani,
na kweli shimo lile hukuligusa tena,
ila ulinitazama kutwa nzima
kama mtu aliyeibiwa.
Mnyororo? Usiku mmoja tu.
Ulilia mpaka mwenyekiti akatuma mtu
kuuliza msiba ni wa nani.

Januari hii bati linaalika saa sita mchana
na mwamba wa Soroti unapumua moto.
Nikachuchumaa, nikaingiza mkono
kwenye shimo lako la chini ya dirisha.
Baridi. Baridi ya ndani ya mtungi.
Nikaona haya kidogo.
Nikakutandikia gunia bichi chini ya mkwaju,
na nusu ya mashimo ikaisha wiki ile ile.

Nusu.

Okiror alipopiga simu kutoka Moroto
nikakushtaki kwake kama mtoto mtukutu.
Akacheka hadi mtandao ukakatika,
akapiga tena. "Umesahau?" akasema.
"Huyo ndiye aliyefukua cherehani za misheni,
zote nne, mita nzima chini ya zizi la ng'ombe.
Siku ile alikula ini peke yake.
Nani alimwambia kazi imeisha?"

Nani alikuambia?
Ulipewa ini kwa kuchimba,
mimi nakupa fagio.
Hakuna mwalimu wa kambi aliyekufundisha
neno usichimbe.

Basi Emuron akaleta mchanga, mikokoteni mitatu,
tukaumwaga nyuma ya choo.
Kila alfajiri, kabla sijafagia,
nazika humo ndara ya Okiror, ile ya kushoto,
nanawa mikono, nakuita kwa sauti ya gwaride:
Tafuta!
Na wewe, na mvi zako za mdomoni,
unakwenda kazini.

Ua umetulia. Mihogo inanenepa.
Limebaki shimo moja tu, la getini,
upande wa barabara ya Moroto.
Si la ubaridi, jua linalipiga kutwa.
Wala hakuna nilichozika hapo.
Saa kumi na mbili jioni unajilaza ndani yake,
pua barabarani.
Nimelichukua koleo mara mbili,
mara mbili nimelirudisha stoo.
Wageni nawaambia tu: karibuni,
ila hapo getini inueni mguu.